Jibu: TSH (homoni inayoisukuma tezi ya shingo ifanye kazi) imepanda wiki mbili baada ya CT scan ya tumbo, je, maabara wamekosea?

Pole dada. Sidhani kama wamekosea. Ile dawa uliyochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri ina iodini, madini joto yaleyale ya kwenye chumvi, ila kwa wingi wa ajabu: mililita 100 zaweza kubeba gramu 30 hivi, wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Nyingi hutoka na mkojo. Kiasi kidogo kinachobaki chatosha kuifanya tezi ya shingo ipunguze kutengeneza homoni kwa muda, ndipo TSH inapanda ili kuisukuma. Kwa wengi hurudi yenyewe baada ya wiki chache.

Kwa kuwa umesema T4 yako, homoni ya tezi yenyewe, ni ya kawaida, muulize daktari kama mnaweza kurudia vipimo baada ya wiki sita hivi kabla ya kukimbilia vidonge vya homoni ya tezi. Na umtajie tarehe ya CT, asikisie.

Mwenye goita ya vinundu, yaani tezi ya shingo iliyovimba na kuwa na vinundu, ndiye wa kuangaliwa zaidi; kwake homoni zaweza kuzidi, moyo ukaenda mbio. Picha ya MRI, ile ya sumaku, haimo humu, dawa yake ni ya gadolini, haina iodini.