Unga wa protini baada ya kupandikizwa kiungo: mnauliza, tunajibu

Maswali haya yametoka kwa waliopandikizwa figo, ini na moyo, na kwa wanaowauguza. Tumeyafupisha bila kugusa maana. Viwango tunavyotaja ni vya mtu mzima. Kama timu yako ya upandikizaji imekupa kiwango chake, shika hicho, kwa sababu wao wanaona majibu ya damu yako na sisi hatuyaoni.

Nimepandikizwa figo wiki 5 zilizopita. Nikikaa kwenye kiti cha chini siinuki mpaka nishike kitu. Misuli imeenda wapi, na nile protini kiasi gani?

Imeliwa na mambo matatu kwa pamoja. Ugonjwa ulianza kuitafuna kabla hujaingia chumba cha upasuaji: figo zikishindwa kazi hamu ya kula hupotea, na dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, nayo huondoka na sehemu ya asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini. Kisha ukapasuliwa, ukalala kitandani. Juu ya hayo ikaja prednisoloni, dawa inayovunja protini ya misuli na kuilenga zaidi ile mikubwa ya mapaja, nyonga na mabega. Ndiyo maana unaweza kufungua kifuniko cha chupa bila shida lakini kiti kikakushinda. Wiki za kwanza dozi huwa kubwa, na hasara huwa kubwa vilevile.

Kwa wiki 4 hadi 8 za kwanza, wengi hupangiwa gramu 1.3 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kidonda kikichelewa kufunga, au mtu akiwa amekonda sana, huweza kupandishwa hadi 2. Mwenye kilo 60 basi anahitaji gramu 78 hadi 90. Piga hesabu kwa uzito usio na maji: miguu ikiwa imevimba, kilo 4 za uvimbe si misuli. Aliyenenepa kupita kiasi apigiwe hesabu na mtaalamu wa lishe, maana akizidisha kilo zake zote atapata namba isiyo yake.

Protini peke yake haijengi. Unahitaji pia kalori 30 hadi 35 hivi kwa kila kilo. Wanga na mafuta vikiwa haba, mwili huichoma protini kama kuni, nawe unabaki na yurea (taka ya protini iliyovunjwa) iliyopanda kwenye majibu ya damu na mapaja yaleyale.

Ni lazima unga? Chakula cha kawaida hakitoshi?

Si lazima. Unga ni chakula kilichokaushwa. Unafaa pale tu hesabu ya sahani inapopungua. Ihesabu kwanza kwa siku 3. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, gramu 100 za nyama ya kuku iliyopikwa zina karibu 28, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15. Aliyekula mayai 2, glasi 2 za maziwa, kuku gramu 100 na kikombe cha maharage amefikisha 71. Mwenye kilo 60 amebakiza gramu 7 hadi 19, na hizo zinatoka kwenye nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha unga, kwa kijiko kile kinachokuja ndani ya kopo. (Kama umeambiwa potasiamu yako iko juu, jambo linaloletwa mara nyingi na takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo, ulizia kiasi cha maharage kabla ya kukiongeza.)

Hapa ndipo wengi hukosea: kijiko cha gramu 30 za unga hakina gramu 30 za protini. Kwa kawaida kina 20 hadi 25. Soma lebo, kisha weka kijiko kwenye mizani ya jikoni angalau mara moja, kwani kijiko kilichojaa kilima na kile kilichosawazishwa kwa kisu hutofautiana sana.

Igawe. Gramu 20 hadi 30 kwa kila mlo huchochea misuli vizuri kuliko gramu 70 za usiku mmoja. Mlo unaopungukiwa zaidi ni wa asubuhi: chai na mkate. Unga uende hapo.

Kati ya aina zote zilizopo, nichukue ipi?

Protini ya wei, yaani ile inayotokana na majimaji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini, ina leusini nyingi, karibu sehemu moja ya kumi ya protini yake. Leusini ndiyo asidi amino inayoamsha ujenzi wa misuli. Lakini kwa mtu aliyepandikizwa, swali kubwa zaidi ni tumbo.

Wei ya kawaida bado ina laktosi, yaani sukari ya maziwa. Tumbo lisiloiweza laktosi litaharisha, na kuharisha kwako si jambo dogo kama kwa jirani. Ukuta wa utumbo una vimeng'enya na pampu ambazo huharibu au kurudisha nje sehemu ya takrolimasi kabla haijaingia kwenye damu. Kuhara kukiuvuruga ukuta huo, dawa nyingi zaidi hupenya. Mikono inaanza kutetemeka, kichwa kinauma, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo) inapanda, nawe dozi hujaigusa. Kwa hiyo anza na nusu kijiko kwa siku 3. Ukijaa gesi, hamia wei iliyochujwa zaidi, yenye protini karibu asilimia 90 na laktosi kidogo sana, au protini ya soya au ya njegere. Ukiharisha zaidi ya siku moja, acha unga na upige simu kliniki. Huenda wakataka kupima kiwango cha dawa.

Kisha soma orodha ya viambato. Iliyo bora ni fupi: protini, kitu cha kuleta ladha, basi. Unga wa kunenepesha uuache, kwani mwingi wake ni sukari, na takrolimasi na prednisoloni tayari zinaivuta sukari ya damu juu. Ulioandikwa kwamba unaongeza kinga nao uuache. Wewe unameza dawa kila siku ili kinga itulie, isikishambulie kiungo. Ekinasia, ashwagandha, dondoo ya chai ya kijani (ambayo imewahi kuharibu ini la watu wazima wenye afya), manjano yaliyokolezwa kwenye vidonge au unga, na bakteria hai wa kusaidia tumbo, vyote havifai bila idhini ya timu yako. Mmea wa kuogopwa kuliko yote huandikwa Hypericum perforatum, au St John's wort kwa Kiingereza: hushusha takrolimasi na saiklosporini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, kiasi cha kuweza kuleta mwili kukikataa kiungo. Balungi hufanya kinyume, huzipandisha, kwa hiyo usikorogee unga kwenye juisi yake.

Alama kama NSF Certified for Sport au Informed Sport ina faida: maabara huru imeupima unga kutafuta vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Haisemi kwamba unga huo unapatana na dawa zako. Piga picha ya lebo nzima, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma, umpelekee mfamasia wa kliniki.

Kijana wangu wa mazoezini anasema niongeze kreatini. Je?

Hapana, mpaka timu yako ikubali. Kreatini hugeuka kreatinini mwilini, na kreatinini ndiyo kipimo kinachotumika kuchunguza kama figo inafanya kazi. Ikipanda kwa sababu ya kopo, daktari atashindwa kujua kama ni kopo au ni mwili unaikataa figo, na jibu la swali hilo linaweza kutafutwa kwa sindano ya kuchukua kipande cha figo.

Nyama iliyopikwa ikiliwa kwa wingi saa chache kabla ya kupimwa nayo huipandisha kidogo, na misuli ikirudi huipandisha taratibu. Usijitafsirie lakini. Kreatinini iliyopanda iripotiwe, umekula nini au hukula.

Ninywe saa ngapi ili nisigombanishe unga na dawa?

Chakula hupunguza takrolimasi inayoingia kwenye damu, na unga uliokorogwa kwa maziwa ni chakula. Ukimeza dawa saa 2 asubuhi tumbo likiwa tupu, kunywa saa 3 au baadaye. Jioni, maliza kunywa saa 12 ili dawa ya saa 2 usiku ikute saa 2 zimepita. Kama timu yako imekupangia kumeza pamoja na chakula, fanya hivyo kila siku. Kinachowavuruga watu ni leo hivi, kesho vile.

Angalia pia kama unga umeongezewa magnesi au madini ya chuma. Ukitumia maikofenoleti, nayo dawa ya kutuliza kinga, tenganisha dawa hiyo na unga kwa angalau saa 2.

Naweza kukoroga asubuhi nikanywa jioni?

Usifanye. Unga wenyewe haukuchemshwa ukaua kila kijidudu, na ukishalowa katika joto la chumba bakteria huzaana. Koroga, kunywa papo hapo; ukibaki kwenye joto la chumba saa 2, mwaga. Maziwa yawe yamechemshwa au yametiwa joto kiwandani, na yai bichi lisiingie kabisa.

Chupa ya kutikisia ifungue yote. Chini ya kifuniko kuna mpira mwembamba wa kuzuia kuvuja: uchomoe kwa ncha ya kijiko, utakuta ute mweupe unaonuka maziwa yaliyochacha hata kama chupa inang'aa. Osha kwa maji ya moto na sabuni, anika vipande vikiwa vimeachana. Kijiko cha kopo kisirudi ndani kikiwa na unyevu.

Nimemaliza makopo 2, paja ni lilelile. Nimeibiwa?

Pengine unga ni mzuri, ila misuli haijapewa sababu ya kuupokea. Bila kubebeshwa uzito, msuli hauongezeki.

Anza na kiti. Kiwe imara, cha kama sentimita 45, mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta. Nyayo chini ya magoti, inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, inuka ukitoa pumzi, kisha shuka taratibu ukihesabu hadi 3. Kushuka huko taratibu ndiko wanakokuruka wengi, na ndiko kunakojenga. Mara 8, pumzika dakika 2, rudia mpaka mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Ikishindikana, weka mto juu ya kiti ili kimo kiongezeke, na kila wiki chache upunguze unene wake.

Kwa mshono wa tumbo, usinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 6 hadi 8, la sivyo ngiri inaweza kutokea pale ulipopasuliwa. Aliyepasuliwa mfupa wa kifua husubiri wiki 8 hadi 12, na asijisukume kwa mikono akiinuka. Waliopandikizwa moyo wana jambo la ziada: neva za moyo zilikatwa, kwa hiyo mapigo hupanda kwa kuchelewa na kushuka kwa kuchelewa. Pasha mwili joto dakika 10, na pima kazi kwa pumzi: uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika.

Mizani itakudanganya, kwani prednisoloni huleta maji na mafuta. Pima kwa saa: inuka mara 5 mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya miguu dhaifu. Andika namba, rudia baada ya wiki 2.

Mume wangu alikatazwa protini ini lilipokuwa bovu. Sasa amepata ini jipya, bado naogopa kumpa.

Mpe, mama. Hata kwa ini lenye makovu, kunyima protini kumeachwa kwa sababu kulikondesha wagonjwa bila faida. Kwa sasa anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Kama anashiba haraka, mpe kidogo kidogo mara 5 au 6, na cha mwisho kabla ya kulala.

Niache lini?

Kidonda kikiwa kimefunga, prednisoloni imeshushwa na sahani yako inafikisha hesabu bila kopo. Kwa figo, kiwango cha muda mrefu hurudi karibu gramu 0.8 hadi 1 kwa kilo, yaani gramu 48 hadi 60 kwa yule wa kilo 60. Punguza nusu kijiko kila wiki huku ukiendelea na kiti. Mkojo ukianza kutoa povu lisilokatika, usingoje miadi: huenda protini inavuja kwenye figo, na kipimo cha mkojo kitangulie kijiko kingine chochote.