Barua kwa mwanangu: bosi wa kahawa aseme au anyamaze?

Mama,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa shambani upepo ukanila nusu ya maneno, ya pili jioni na mama yako kakaa pembeni anachambua maharage. Unasema bosi mkuu wa hiyo kampuni ya kahawa unakofanya kazi huko Minneapolis, Marekani, katoa barua ya mambo ya nchi, na tangu siku hiyo wateja wanakuja kaunta mmoja anakupongeza mwingine anakufokea, na wewe barua yenyewe hata hukuisoma. Ukaniuliza, "Baba, hivi kazi ya yule si kuuza kahawa tu, kwa nini asinyamaze?"

Mama yako alijibu hapohapo bila kuinua kichwa, anyamaze. Mimi nikasema ngoja kwanza.

Unajua duka la kahawa si kama duka la misumari. Mtu akinunua misumari anaondoka, kwenye kahawa anakaa, anasubiri wenzake, anaomba choo, kwa hiyo mambo ya nchi yanaingia yenyewe mlangoni bila bosi kuyaita. Kumbuka Philadelphia mwaka 2018, vijana wawili weusi wameingia duka la kahawa la Starbucks kumsubiri mtu wa biashara, mmoja kaomba choo akaambiwa ni cha wateja waliokwisha nunua, haikupita muda wakapigiwa polisi, wakatolewa na pingu, video ikazunguka dunia. Sasa niambie, bosi wao wakati ule, Kevin Johnson, angesema mimi nauza kahawa tu? Alienda Philadelphia mwenyewe akakutana na wale vijana akawaomba radhi uso kwa uso, halafu tarehe 29 Mei akafunga maduka zaidi ya 8,000 ya Marekani mchana ule ili wafanyakazi wafundishwe habari za ubaguzi. Wapo waliosema ni maigizo, sawa, lakini mauzo ya mchana mzima yaliyopotea ni ya kampuni, si ya barista, yule anayetengeneza kahawa kaunta.

Hapo ndo nataka unielewe. Mi siulizi bosi kasema au kanyamaza, nauliza aliposema, gharama imemwangukia nani.

Mchukue Howard Schultz, maana katika mabosi wa kahawa sijui kama kuna aliyesema hadharani kama yeye. Watu wanadhani Starbucks kaianzisha yeye, hapana, ilianzishwa na jamaa watatu Seattle mwaka 1971, yeye kaingia 1982 kama mtu wa masoko, kaja kuinunua 1987 kwa dola milioni 3.8. Sasa huyu alipokuwa mtoto wa miaka saba huko Brooklyn baba yake alikuwa anasambaza nepi majumbani, akaanguka akavunjika mguu, hana bima, hana fidia, kazi ikaisha. Hiyo hadithi ameisimulia mpaka watu wameichoka, ila angalia alichofanya nayo: mwaka 1988 akawapa bima ya afya hata wale wa masaa 20 tu kwa wiki, kitu ambacho kampuni nyingi za Marekani zilikuwa hazifanyi. Kwa hiyo akisimama jukwaani kuongelea matibabu, watu walikuwa wanamsikiliza, maana bili alishaanza kuilipa.

Halafu 2013 kuna wateja walikuwa wanakuja dukani na bastola kiunoni makusudi kabisa, kuonyesha ni haki yao. Schultz akaandika barua ya wazi akaomba wasije nazo. Akaomba tu, hakupiga marufuku, na sababu moja aliyotoa ni kwamba akipiga marufuku basi mfanyakazi wa duka ndiye atakayelazimika kumkabili mtu mwenye silaha. Watu wa pande zote mbili walimlaumu. Mi nilimpenda hapo, maana kabla ya kuandika alimfikiria aliyesimama nyuma ya kaunta.

Miaka miwili mbele akamsahau mtu huyohuyo! Machi 2015, baada ya yale ya Ferguson na New York, polisi kuua watu weusi, akawahimiza mabarista waandike "Race Together" kwenye vikombe ili wazungumze na wateja habari za rangi. Nia nzuri, sikatai. Lakini fikiria binti kama wewe saa moja asubuhi, foleni imefika mlangoni, maziwa yanaungua, huyu anataka oat milk yule karudisha latte, halafu mzee mmoja anakuuliza haya tuongee kuhusu watu weusi. Haikumaliza wiki, kuandika kwenye vikombe kukakoma.

Na mwisho, Machi 2023, alipokalishwa mbele ya kamati ya Seneti kwa mambo ya chama cha wafanyakazi, ambacho kilianza kushinda kura za wafanyakazi wa maduka yake mjini Buffalo mwishoni mwa 2021, mtu yule aliyekuwa anaongelea nchi nzima akawa anajitetea kwa watu wake mwenyewe wa kaunta, na akalalamika kuitwa bilionea. Hapo nilicheka peke yangu.

Nacheka, lakini mi mwenyewe nina yangu na sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mdogo, bei ya kahawa imeporomoka dunia nzima, ilikuwa 2001, nami ndo mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima wa kahawa. Jumapili baada ya ibada nikasimama pale nje ya kanisa nikawaambia watu malipo ya pili, ile hela iliyobaki ya kahawa waliyokwisha leta, yatatoka kabla ya Krismasi. Wakapiga makofi. Hela haikuja. Januari mimi nikawa na homa za hapa na pale, siendi ghalani, na karani wa mizani ndo alikuwa anafungua mlango kila asubuhi. Bibi mmoja akabeba debe lake la kahawa kavu, badala ya kuliweka kwenye mizani akammwagia yule kijana miguuni, akamwambia zihesabu moja moja ndo hizo malipo yako ya pili. Kijana aliziokota zote. Mi nilisimuliwa, na sikwenda hata kumpa pole.

Basi mteja akija tena kukufokea usimtetee bosi wala usimseme, mwambie barua ina jina la aliyeandika na makao makuu yana simu. Na wewe muulize meneja wako mbele ya wenzako, siyo pembeni: kabla barua haijatoka, nani alifikiria sisi tutajibu nini? Kama jibu lipo nitumie nilisome.

Mama yako bado anasema anyamaze. Ile mibuni ya chini karibu na mfereji imezaa vizuri, nimekukaushia kilo mbili, mtoto wa jirani anasafiri mwezi ujao nitampa akuletee, usiitie maziwa.

Baba yako