Toleo la chuo la filamu ya vikaragosi limepotea: tafuta faili la mradi kwanza

Mkuu, nimelielewa swali lako hivi. Ni filamu fupi ya vikaragosi iliyopigwa picha moja moja, dakika tano hivi. Ilikabidhiwa chuoni ikiwa na sauti na mwisho wake wa awali, baadaye ikakatwa upya na kuwekewa muziki mwingine kwa ajili ya matamasha. Sasa limebaki hilo la matamasha tu, nawe unataka kulirudisha lile la chuo. Memori kadi zilifomatiwa, diski ya nje inasomeka kwa kusuasua, na ipo DVD moja yenye mikwaruzo.

Leo hii acha kuchomeka hizo kadi na hiyo diski, hata kwa "kuangalia tu". Kompyuta huandika vitu vyake vidogo vidogo kwenye diski bila kukuuliza, na chochote kinachoandikwa kinaweza kuangukia juu ya fremu zako. Diski ikianza kugonga, zima na umpelekee fundi mwenye chumba kisicho na vumbi, kwa sababu mara nyingi vichwa vya kusomea vimeharibika na programu haiwezi kutibu hilo. Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza usiufuate: unyevu hutulia juu ya sahani na kumaliza kilichobaki.

Ikiwa inasuasua bila kugonga, ivute nakala nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux. Thibitisha kwanza jina la diski kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski (hapa tuseme ni sdb), kisha mzunguko wa kwanza uwe `ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map`. Hapo inachukua penye uzima na kuruka penye ubovu. Mzunguko wa pili weka `-r3` badala ya `-n`, irudie palipobaki mara tatu. Lile faili la map usilifute, ndilo linalokuwezesha kuendelea umeme ukikatika. Kazi yote inayofuata ifanyie kwenye nakala.

Wengi hutafuta filamu iliyokamilika na kukata tamaa wakiikosa. Lakini toleo la chuo ni maamuzi: shoti ipi inatangulia, imekatwa kwenye fremu ya ngapi, sauti gani iko chini yake. Maamuzi hayo yamo kwenye faili la mradi la programu ya kuhariria, na faili hilo ni dogo kiasi cha kutumwa kwa barua pepe. Pekua viambatisho vya miezi ile, flashi za wenzako, na hasa kompyuta ya aliyetengeneza sauti, maana mtu wa sauti hupokea karibu kila kitu na hafuti.

Kama mlihariri kwa Premiere, tafuta .prproj. Hilo ni XML, yaani maandishi yenye alama za mpangilio, iliyobanwa kwa gzip. Nakili, badili mwisho wa jina uwe .gz, lifungue, kisha lisome kwa programu yoyote ya maandishi. Hata kama Premiere ya sasa inalikataa, utaona majina ya shoti na sehemu zilipokatwa. Muda umeandikwa kwa tiki, na sekunde moja ni tiki 254,016,000,000. Kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, gawanya kwa 10,584,000,000 upate namba ya fremu. Kwa fremu 25, gawanya kwa 10,160,640,000.

Sasa fremu zenyewe. Dakika tano kwa picha 12 kila sekunde, kila moja ikishikwa fremu mbili, ni picha 3,600. Kwa RAW (picha ghafi ya kamera) ya MB 25 hiyo ni GB 90, na ndiyo maana wanafunzi wengi hufuta. Kadi iliyofomatiwa ndani ya kamera mara nyingi data yake bado ipo, kwani kilichofutwa ni orodha tu. SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ni habari nyingine: ikishafuta, amri ya TRIM husafisha kweli, kwa hiyo usipoteze wiki huko.

PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, itakurudishia picha, ila majina yote yatakuwa yamepotea. Zipange upya kwa saa ya kamera, ukitumia exiftool, programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha: `exiftool '-FileName<DateTimeOriginal' -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e .` Kazi hii inaokolewa na polepole yake, kwani kati ya picha na picha hupita sekunde kadhaa au dakika, hivyo mpangilio haugongani. Pengo la saa nzima kwa kawaida ni shoti mpya. Betri ya saa ya kamera ikiwa ilikufa na tarehe zote zimerudi mwanzo, tumia namba ya faili ya kamera, ukikumbuka kwamba baada ya 9999 huanza tena 0001.

Picha zitakazotoka nusu yake ikiwa kijivu zilivunjwa vipande kwenye kadi, kwa kawaida kwa sababu mtu alikuwa akifuta moja moja wakati wa kupiga. Usizitupe. CR2, yaani RAW ya kamera za Canon, hubeba JPEG ndani yake, na `exiftool -b -PreviewImage -w _p.jpg -ext cr2 .` huitoa. Mara nyingi hiyo ni nzima na inatosha.

DVD ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha ivute kwa ddrescue ukiongeza `-b 2048`. Ubora wake mdogo usikusumbue, kwani ikiwa ndiyo nakala ya chuo inakupa mpangilio na sauti ya kufuatisha.

Kabla ya kutangaza kuwa nakala fulani ni toleo tofauti, pima urefu. Filamu ya fremu 24 ikiwekwa kwenye PAL, mfumo wa televisheni wa fremu 25, kwa kuharakishwa huenda fremu 25, hivyo 5:00 inakuwa 4:48 na sauti inapanda kidogo. Sekunde 12 "zilizokatwa" huenda hazikukatwa kabisa. Pia hakikisha toleo la chuo lilikamilika kweli. Filamu ya vikaragosi A Grand Day Out ya Nick Park ilianza akiwa mwanafunzi mwaka 1982 na kukamilika 1989, akiwa tayari kwenye studio ya Aardman. Huwezi kudhani tu kwamba kila filamu iliyoanzia chuoni ina nakala ya chuo iliyomalizika.

Sauti za wahusika kwa kawaida hurekodiwa kabla ya kuhuisha, yaani kabla ya kupiga picha vikaragosi vikisogezwa, kwa sababu midomo hufuata sauti. Kwa hiyo faili zake za sauti za WAV zitafute peke yake, na ukizipata pamoja na karatasi ya fremu, ile inayoandikwa sauti fremu kwa fremu, utajua kila herufi iliangukia picha ya ngapi.

Ukishaunganisha, andika kwenye fremu za mwanzo kwamba imejengwa upya, mwaka gani, na shoti zipi zimetoka DVD. Zile za DVD ziache zionekane hafifu, usizisugue hadi zifanane na nyingine. Kama mradi utakuonyesha shoti ambayo fremu zake hazikupatikana popote, weka weusi kwa urefu wake kamili ili sauti isihame.