Umeme Ukikatika, Maji Nayo Hukauka

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Tumehamia Lusaka kutoka Mbeya kwa ajili ya kazi ya mume wangu, nasi tuna watoto watatu. Umeme hukatika kwa saa nyingi, na kila ukikatika bomba nalo hukauka. Tufanyeje? – Mama wa watatu, Lusaka

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni sana. Zambia hutegemea zaidi umeme wa maji, na ukame wa mwaka 2024 uliposhusha kina cha Ziwa Kariba, mgao ulikuwa mkali mno. Tena nyumba nyingi za Lusaka huvuta maji ya kisima kwa pampu ya umeme, ndiyo maana taabu hizo mbili huja pamoja.

Anzeni na maji. Tenki lililoinuliwa juu ya mnara hushusha maji bila pampu, hivyo lijazeni kila umeme unaporudi, hata iwe saa nane za usiku. Kama hamna tenki, wekeni pipa lenye mfuniko na madumu ya lita 20. Maji ya kunywa yachemsheni, na yaliyooshea mchele yamwagieni chooni.

Friji isipofunguliwa huhifadhi chakula kwa takriban saa 4.

Ninachokiogopa hasa ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani katika baridi ya Juni, kwa sababu hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu wakiwa usingizini. Nakusihi, lipikieni nje na lilale nje, hata likibaki na majivu yenye moto kidogo tu.