Fundi Anajibu: Hewa Kwenye Dizeli, Springi ya Ziada na Moshi Mweusi

SWALI: Ndugu fundi, nina pikapu ya dizeli ya miaka mingi, yenye pampu ya zamani isiyo na kompyuta. Jumamosi iliyopita nilibadilisha filta ya dizeli mwenyewe nyumbani. Gari liliwaka, likaunguruma kwa muda wa dakika moja hivi, kisha likazima. Tangu siku hiyo, kila asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka, ingawa likishawaka linakwenda vizuri kutwa nzima. Sioni dizeli ikivuja mahali popote. Jirani yangu anasema pampu imekufa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, pampu iliyokuwa nzima siku ya Ijumaa si rahisi ife Jumamosi kwa sababu tu filta imebadilishwa. Kabla hujaingia gharama ya pampu, tafuta hewa.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa iliyo ndani ya silinda hubanwa mpaka ujazo wake ukapungua mara 16 hadi 22, nayo hupata joto la kutosha kuiwasha dizeli pale tu nozeli inapoipuliza. Lakini nozeli haifunguki mpaka dizeli iliyo kwenye bomba lake ifikie presha kubwa, ambayo hata katika injini za zamani huwa zaidi ya bar 100. Dizeli ni kimiminika, haibanwi kirahisi, hivyo msukumo wote wa pampu hufika kwenye nozeli. Hewa hubanwa. Povu dogo likikaa ndani ya bomba, pampu inaposukuma povu hunywea, inapoachia hutanuka tena, na nozeli hubaki imefungwa huku stata ikizunguka bure.

Kuhusu kutoona uvujaji, kumbuka kwamba kati ya tangi na pampu dizeli huvutwa, haisukumwi. Penye upenyo, hewa huingia badala ya dizeli kutoka, na ndiyo maana chini ya gari lako ni pakavu. Usiku, gari likiwa limesimama, dizeli hurudi polepole kwenye tangi kupitia upenyo uleule unaoruhusu hewa kuchukua nafasi yake. Dalili ya asubuhi uliyoieleza ndiyo hiyo hasa.

Anza na oringi ya filta, yaani ile pete ya mpira inayoziba kati ya filta na kichwa chake. Niliwahi kupoteza siku nzima kwenye gari langu mwenyewe kwa kosa ambalo naamini limewapata wengi: nilikaza filta mpya, nikabonyeza praima (pampu ndogo ya mkono ya kuvutia dizeli) mpaka kidole gumba kikauma, wala haikugeuka kuwa ngumu. Nilipofungua tena na kupitisha ukucha kuzunguka kichwa cha filta, ukucha ulikwama. Oringi ya zamani ilikuwa imejibandika kule juu, bapa na nyeusi, isiyotofautishika na uchafu wa chuma, na oringi mpya ilikuwa imekaa juu yake. Oringi mbili zikilaliana haziwezi kuziba. Toa ya zamani, futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, paka oringi mpya dizeli safi, kisha kaza filta kwa mkono kadiri mtengenezaji alivyoelekeza.

Baada ya hapo toa hewa. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta, bonyeza praima mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza skrubu, kisha endelea kubonyeza hadi praima iwe ngumu. Weka kopo na matambara chini, kwa sababu dizeli huozesha mipira na huharibu sakafu ya lami. Piga stata kwa sekunde zisizozidi 15, kisha iache ipoe kwa dakika moja kabla ya kujaribu tena. Stata nyingi huungua kwa haraka ya mwenye gari. Injini ikikataa, katika pampu ya aina yako unaweza kulegeza kidogo nati za mabomba upande wa nozeli, mwenzako akapiga stata mpaka dizeli itoke, kisha ukazikaza moja baada ya nyingine.

Ikiwa kesho yake asubuhi tatizo limerudi, tafuta kipande cha mpira unaoonyesha ndani, unaostahimili dizeli, ukifunge kwa muda kati ya filta na pampu. Washa injini uutazame. Mapovu yakipita mfululizo, rudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea tangini, ukikagua klipu, mipira iliyopasuka kwenye mikunjo, na praima yenyewe, ambayo mpira wake wa ndani huchakaa.

Hapa nawageukia wasomaji wenye injini mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta, na naomba wanielewe vizuri. Hilo la kulegeza nati za nozeli msilifanye kamwe. Katika mfumo ule, presha ya dizeli hupita bar 1,000 na katika magari mengi hukaribia au kuvuka 2,000. Uzi mwembamba wa dizeli kwa presha hiyo hupenya ngozi ukaacha tundu dogo lisilouma sana, lakini dizeli iliyoingia ndani huua nyama ya mkono, na mtu huhitaji daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, si kesho. Vilevile msiijaze filta mpya kwa kuimiminia dizeli katikati, upande ambao dizeli yake haichujwi tena kabla ya kufika kwenye pampu. Ijazeni kwa praima.

SWALI: Kaka, nabeba mizigo na nyuma ya pikapu yangu inalala. Nataka kuongeza jani moja la springi kila upande wikiendi hii. Nina jeki na spana. Kuna la kuangalia?

JIBU: Yapo, na la kwanza ni breki. Pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo au springi ndogo, ambayo kazi yake ni kupima jinsi nyuma ilivyolala. Nyuma ikilala, vali huelewa kuna mzigo na kuruhusu breki kubwa. Ikiinuka, huelewa gari ni tupu na kupunguza breki ili matairi yasijifunge. Ukiongeza jani, nyuma inabaki juu hata ukiwa umepakia, na vali inadanganyika. Fimbo hiyo lazima irekebishwe kwa vipimo vya gari lako. Kama hujui namna ya kuirekebisha, mpelekee fundi wa breki kabla ya kupakia chochote.

Uzito ambao gari limeidhinishwa kubeba pia hauongezeki, kwa sababu ekseli, beringi, matairi na chesisi ni zilezile.

Katika kazi yenyewe, simamisha chesisi juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya mbele yakiwa yamewekewa vizuizi, na jeki uitumie kushusha na kupandisha ekseli tu. Usiingize hata mkono chini ya gari lililosimama kwa jeki pekee. Usirudishe yu-bolti za zamani (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), kwa kuwa zilishavutika na hazitashika kama mpya. Nunua zinazotosha unene ulioongezeka. Hakikisha kichwa cha sentabolti, bolti ya katikati inayoshika majani pamoja, kimeingia kwenye tundu lake la ekseli, kisha kaza yu-bolti kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo. Bolti zinazopita kwenye bushi za springi zikaze mwisho, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, la sivyo mpira wa bushi utabaki umejisokota na kuchanika mapema. Endesha kilomita chache, rudi, kaza yu-bolti tena. Taa za mbele nazo zitakuwa zimeinama, zipime upya.

SWALI: Pikapu yangu yenye turbo imepungua nguvu na inatoa moshi mweusi mlimani. Rafiki amenishauri nifungue skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzwa nayo. Ukiongeza dizeli, moshi utazidi, joto la moshi kabla ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) litapanda, na mlima mrefu wenye mzigo unaweza kuyeyusha pistoni. Injini yako inalilia hewa. Fungua filta ya hewa uitazame kwenye mwanga, kisha kagua mpira mmoja mmoja kutoka turbo hadi kwenye injini, hasa upande wa chini usioonekana: ukiona utando wa oili na vumbi umekusanyika sehemu moja, safisha hapo, uminye mpira kwa vidole viwili, na ufa utafunguka mbele ya macho yako.