Kabla ya Herufi ya Kwanza: Ushauri kwa Anayeandika Kiini cha Mfumo Endeshi

Ukitaka kuandika kiini cha mfumo endeshi (kernel) kwa lugha ya asembli, iliyo karibu kabisa na lugha ya prosesa yenyewe, anza na baiti 512, wala usiongeze nyingine kabla hujajua kila moja inafanya kazi gani. Hiyo ni sekta ya kwanza ya diski, ambayo BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, huipakia kwenye anwani 0x7C00 na kuikabidhi prosesa, mradi baiti zake mbili za mwisho ziwe 0x55 na 0xAA.

Programu yangu ya kwanza niliiandika nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, nayo ilikuwa na kazi moja tu: kuandika "Hujambo" kwenye skrini kwa katizo 0x10 la BIOS, yaani wito wa kuiomba BIOS iandike kwenye skrini. Ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, ilikubali papo hapo, nami nikajiona fundi. Nilipoihamishia kwenye flashi na kuiwashia kompyuta kuukuu niliyoinunua mtumba, skrini ilijaa alama zisizosomeka. Kwa siku mbili nzima nililaumu flashi, kisha muuzaji, kisha chumvi ya bahari, ambayo hapa kwetu husingiziwa kila kitu.

Kosa lilikuwa langu. Katika hali ya biti 16, prosesa huzidisha rejista ya segimenti (kihifadhi chake kidogo kinachotaja eneo la kumbukumbu) kwa 16 kisha hujumlisha anwani uliyoitaja. QEMU ilikuwa imeniachia DS, rejista ya segimenti ya data, ikiwa sifuri, kompyuta ile haikuwa hivyo, kwa hiyo maneno yangu yalikuwa yakisomwa mahali pengine kabisa. Tangu siku hiyo mistari yangu ya kwanza, inayoziweka segimenti sifuri, haibadiliki:

xor ax, ax
mov ds, ax
mov es, ax
mov ss, ax
mov sp, 0x7C00

Rejista ya DL usiiguse, kwani BIOS imekuwekea humo namba ya diski, nawe utaihitaji utakaposoma sekta zinazofuata.

Kuingia hali ya biti 32 kunataka jedwali la GDT (linaloieleza prosesa maeneo ya kumbukumbu), kuwasha biti ya kwanza ya rejista ya CR0, na mruko wa mbali, unaobadilisha segimenti ya msimbo. Ukikosea, mashine hujiwasha upya kimya kimya. Endesha QEMU kwa "-d int -no-reboot" uone ilipokwama. Mimi huandika A kabla ya kupakia jedwali, na B baada ya mruko, moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini iliyo 0xB8000, maana ndani ya biti 32 katizo za BIOS hazitumiki tena. Ikibaki A peke yake, narudi kulikagua jedwali.