Ukoka kukauka mabaka mabaka, Shangani, Mtwara

Pole dada. Umesema unamwagilia kila jioni, kijana anafyeka mpaka chini, na bado ukoka unakauka mabaka mabaka, na chini ya mwembe hauoti. Kwa mchanga wetu wa pwani, shida ni maji kuwa kidogo kidogo. Ukishamaliza kumwagilia, chimba kwa kisu uone: juu pameloa, chini mchanga mkavu unamwagika. Mizizi inafuata unyevu, kwa hiyo inabaki juu juu na jua la saa saba linaiunguza. Mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi mapema, mpaka maji yazame kama sentimita 15.

Halafu acha kumwambia kijana afyeke mpaka udongo uonekane! Hilo nalo linaumiza nyasi sana. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, na kiangazi ziache ndefu kidogo.

Samadi iwe imeoza kabisa, uichekeche, utawanye nyembamba. Mbichi inaunguza na inaleta mbegu za magugu. Gugu la ndago usiling'oe juu tu, chimba na vile viazi vidogo vya chini, vinginevyo linarudi.

Pale chini ya mwembe, kusema kweli, ukoka hautakubali, unataka jua. Weka kokoto au maua ya kivulini.

Kuziba mapengo subiri mvua za Desemba zishike. Chomeka vipande vya ukoka vyenye vifundo (pale panapotoka mizizi), kifundo kimoja au viwili viwe ardhini, kanyagia vizuri. Mpaka Machi patakuwa pamefunga.